Faili Imefika, Lakini Hatusikizani

Mwaka jana nilituma maombi ya kazi kwenye ofisi moja kule Changamwe. Kazi yenyewe ya karani tu, kupanga makaratasi ya makontena. CV niliiandika kwa simu, usiku, nyumbani Likoni. Nikaipanga ikapangika: jina juu kwa herufi kubwa, namba ya simu kwenye kijisanduku pembeni, shule na vyeti ndani ya jedwali. Nikatuma. Ikafika. Hata jibu la mashine nikapata kwamba maombi yangu yamepokelewa.

Wiki mbili, kimya. Nikapanda feri, nikavuka, nikashika matatu hadi kule mwenyewe. Dada wa mapokezi alikuwa muungwana, akaitafuta CV yangu kwenye kompyuta yake akanigeuzia kioo nione. Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Jina limekatika vipande viwili. Jedwali limemwagika mpaka ukurasa wa pili. Na kile kijisanduku cha namba ya simu hakipo kabisa. "Waliopangiwa usaili walipigiwa simu," akaniambia. "Wewe namba yako hatukuiona."

Hakuna aliyenionea. Mimi niliandika namba. Wao waliifungua faili. Simu yangu haina kosa na kompyuta yao haina kosa. Lakini kazi imeenda.

Jioni nikamuendea ami yangu. Ami alikuwa na saiba hapa Likoni zamani, kabla simu hazijaingia kila mfuko zikaua ile biashara. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. "Ulituma .docx?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka. "Hiyo vita, mwanangu, ilianza wewe bado unanyonya. Na hata Kenya ilipiga kura."

Kura? Kuhusu faili? Nilidhani ananitania. Nikaenda kusoma, na nilichokipata ndicho hiki nawaletea, manake sijaona mtu akituhadithia kwa lugha yetu.

Kwanza tuelewane neno

Wataalamu wana neno refu la kuvunja ulimi: intaopirabiliti. Mimi nitaliita kusikizana, vile tunavyosema huku Pwani watu wawili wakielewana na kuwa kitu kimoja. Mwaka 1990, chama cha wahandisi kinachoitwa IEEE kilitoa kamusi yake ya maneno ya programu, na humo kusikizana kwa mifumo kulielezwa hivi, kwa maneno yangu: ni uwezo wa mifumo miwili au zaidi kupeana habari, na pia kuitumia ile habari iliyopeanwa.

Soma tena. Kuna vitu viwili pale. Kupeana ni kimoja. Kutumia ni cha pili. Sisi wengi tunaishia kwenye cha kwanza. Tukiona tiki mbili za buluu, tunasema imeisha hiyo. CV yangu ilipeanwa vizuri sana. Kutumika ndo haikutumika.

Watu wa Changamwe na Miritini hili mnalijua bila kamusi, juu mnaliona kila siku chini ya madaraja yenu. Reli ya zamani, ile Waingereza walianza kuijenga hapa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ina milimita 1,435. Zote ni reli. Zote zimejengwa kwa kufuata vipimo vinavyojulikana duniani. Lakini behewa la hii haliwezi kupita juu ya ile. SGR ilipofika Suswa mwaka 2019 ikasimama, mzigo wa kwenda Malaba na Uganda ukawa lazima ushushwe huku upakiwe kule. Kila mara unaposhusha na kupakia, unalipa muda, unalipa watu, na kuna kitu kinaweza kuvunjika.

Milimita 435. Pungufu ya nusu mita. Ndizo zinazofanya kreni ihitajike.

Sasa faili la maandishi nalo lina reli yake. Reli hiyo inaitwa fomati: ni makubaliano ya namna herufi, majedwali, picha na mistari itakavyoandikwa ndani ya faili, ili programu nyingine ikifungua ijue hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kijisanduku, hiki kinakaa kulia.

Zamani reli ilikuwa ya mtu mmoja

Enzi za saiba ya ami, kila kitu kilikuwa .doc, fomati ya Microsoft Word. Undani wake haukuwa umewekwa wazi kwa umma. Microsoft ilikuja kuuchapisha hadharani Februari 2008. Kabla ya hapo, mtu akitaka kutengeneza programu yake ya kusoma .doc, alibaki kupapasa gizani, kufungua mafaili na kukisia. Nilidhani ule ulikuwa ugumu wa ufundi tu. Kumbe ni suala la nani anashika ufunguo. Kama barua za serikali yako zote ziko kwenye fomati ambayo kampuni moja peke yake ndiyo inayoijua vizuri, siku ukitaka kuhama programu, unahama na nyumba bila funguo za makabati.

Kuna watu waliona hilo mapema. Mwaka 2005 muungano wa OASIS ulipitisha fomati ya wazi inayoitwa ODF, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kusoma kanuni zake na kuitumia. Mwaka 2006 ikakubaliwa na ISO, shirika la viwango la dunia, ikapewa namba 26300. Na mwaka huohuo wa 2005 jimbo la Massachusetts kule Marekani lilitangaza kwamba nyaraka za ofisi zake zitahifadhiwa kwa fomati za wazi, ODF ikiwemo.

Hapo ndo moto ukawaka. Microsoft nao wakaja na fomati yao mpya, OOXML, ambayo ndiyo .docx, .xlsx na .pptx tunazozijua. Ikapitishwa na shirika la Ecma Desemba 2006, ikaingia madukani na Office 2007, halafu ikapelekwa ISO kwa njia ya mkato. Kitabu cha kanuni zake kilikuwa na kurasa kama 6,000. Nchi zikapewa miezi kadhaa kukisoma na kupiga kura.

Huku Likoni, ami anasema, watu walianza kuja na flashi zenye faili za .docx, ukibofya kompyuta inakutolea herufi za kichina zisizo za Kichina. Kulikuwa na kiraka cha bure cha kupakua ili Office ya zamani iweze kufungua fomati mpya. Lakini kilikuwa na ukubwa wa makumi ya megabaiti, na nyie hamjui intaneti ya Mombasa kabla ya 2009, kabla nyaya za TEAMS na SEACOM hazijatua hapa ufukweni. Ilikuwa ya setilaiti. Unawasha kupakua, unaenda kuswali, unarudi, imekatika. Basi mtu aliyefunga safari kuprinti barua alirudi nyumbani bila barua.

Kenya ikapiga kura

ISO haipigi kura yenyewe. Nchi ndizo zinapiga, kupitia mashirika yao ya viwango. Sisi ni KEBS, walewale wa alama ya ubora unayoiona kwenye paketi ya unga.

Kura ya kwanza ilifungwa Septemba 2007. Kenya ilisema ndiyo. Afrika Kusini ilisema hapana. Ili fomati ipite ilihitaji theluthi mbili ya wanachama wenye kura kamili. Ikapata 17 kati ya 32, yaani asilimia 53. Ikaanguka. Pamoja na kura, nchi zilitoa maoni zaidi ya 3,500 ya kusema hapa parekebishwe, hapa hapaeleweki. Kule Sweden kura yao ilifutwa baada ya kuonekana kuwa mwanachama mmoja alipiga zaidi ya mara moja. Yaani hata kwenye mambo ya faili kuna siasa kama ya uchaguzi wa wadi.

Februari 2008 wakakutana Geneva kwa siku tano kupitia yale maelfu ya maoni. Siku tano! Kisha nchi zikapewa mpaka mwisho wa Machi kubadilisha msimamo. Safari hii Kenya ikatoka kwenye ndiyo ikaenda kwenye kutopiga upande wowote. Afrika Kusini ikabaki na hapana yake. Lakini nchi nyingine za kutosha zikahamia ndiyo, na OOXML ikapita kwa asilimia 75. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela wakakata rufaa, rufaa zikatupwa Agosti, na Novemba 2008 ikachapishwa rasmi kama ISO 29500.

Sasa nataka uone kitu. Kumbuka Kenya ilikuwaje miezi hiyo: kati ya ile kura ya kwanza na ya pili, nchi yetu ilipita kwenye vurugu za baada ya uchaguzi. Hakuna aliyekuwa anaulizia mafaili. Na mimi simlaumu mtu. Lakini jambo lililoamua jinsi kila mwanafunzi, kila mtafuta kazi na kila karani wa nchi hii atakavyoandika kwa miaka mingi mbele, lilipita na mtaani hatukulisikia. Mpaka leo ukiuliza vijana kumi pale kwenye feri, naweka dau, hakuna anayejua kwamba tuliwahi kuwa na kura.

Kiwango si kusikizana

Ungedhani baada ya hapo mambo yamenyooka. Dunia ikawa na viwango viwili vya ISO kwa kazi ileile. Reli mbili, upana tofauti, zote zina muhuri.

Na usidhani nawapigia ODF upatu. Wao nao walikuwa na shimo lao. Toleo la kwanza la ODF lilieleza jinsi ya kuhifadhi majedwali ya hesabu, lakini halikueleza jinsi ya kuandika zile fomula zenyewe, zile za kujumlisha na kugawanya. Kila programu ikaandika kivyake. Aprili 2009 Microsoft ilipoiwezesha Office 2007 kusoma ODF, jedwali lililotoka OpenOffice lilifunguka vizuri kwenye Excel, ila fomula zilidondoshwa, zikabaki namba tupu. Fomula zilikuja kuelezwa kikamilifu kwenye ODF 1.2, mwaka 2011.

Tia akilini hilo kwa mfano wa chama cha kina mama Kisauni. Mweka hazina ana jedwali: majina, michango, na chini jumla. Anamtumia katibu mwenye programu nyingine. Katibu anaona kila kitu kiko sawa, jumla ipo. Mwezi ujao anaongeza michango mipya, na jumla haisogei hata shilingi, manake pale chini hakuna fomula tena, kuna namba iliyoganda. Hapo mtu ataanza kuulizwa pesa zimeenda wapi, kumbe hakuna aliyeiba.

Programu zote mbili zingeweza kusimama mbele ya hakimu zikasema: sisi tumefuata kiwango. Na zingekuwa zinasema kweli! Ndo maana wanaojua mambo haya wanatenganisha vitu viwili. Kufuata kiwango ni programu moja kukaa na kitabu cha kanuni. Kusikizana ni programu mbili, zilizotengenezwa na watu tofauti, kukaa pamoja na kutoa kazi ileile. Unaweza kufaulu la kwanza ukafeli la pili.

OOXML nayo ina sura mbili ndani yake: moja safi, na moja ya mpito iliyobeba tabia za zamani za Office ili mafaili ya kale yasipotee. Ile ya mpito ndiyo ambayo Word huhifadhi kwa kawaida mpaka leo. Kwa hiyo programu ya simu yako ikitaka kufungua .docx vizuri, haitoshi kusoma kitabu. Inabidi iige na mazoea ya miaka. Inapokosea kuiga, kijisanduku cha namba ya simu kinapotea. Kazi inaenda.

"Lakini siku hizi kila kitu kinafunguka"

Najua kuna mtu anasema: we nawe, mbona unafufua maiti? Siku hizi simu inafungua kila faili, na ukikwama unatumia Google Docs.

Ni kweli mambo ni afadhali kuliko enzi za ami, sana. Lakini nina majibu mawili.

La kwanza, angalia pesa za simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, mwaka uleule wa kura ya kwanza. Kwa miaka kumi na zaidi, ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, pesa haikuingia kwenye pochi yake ya simu moja kwa moja. Ilifika, naam, kwa ujumbe wenye namba za siri ambao ulimlazimu aende kwa wakala kutoa. Aprili 2018 ndipo pochi za Safaricom na Airtel zilipoanza kupokeana moja kwa moja. Uwezo wa kiufundi haukuanguka kutoka mbinguni mwaka huo. Ilihitaji kusukumwa na kukubaliana. Maana yake kusikizana hakuji kwenyewe kwa sababu teknolojia imekua. Kunakuja watu wakikudai.

La pili ni la muda. Hapa kwetu Mombasa alikuwepo Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mwaka 1840. Enzi zake Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo peke yake hazitofautishi vizuri baadhi ya sauti zetu: o na u zinaweza kuandikwa sawa, e na i vilevile. Mashairi yake yalipokusanywa baadaye, Mzungu W. E. Taylor alimhitaji Mwalimu Sikujua, mtu wa hapahapa aliyejua lugha na habari zake, ili maandishi yasomeke na kueleweka. Diwani ikaja kuchapishwa mwaka 1940. Karatasi zilikuwepo. Bila mtu kama Mwalimu Sikujua, zingebaki karatasi.

Na wangapi kati yetu tuna barua za mababu kwenye sanduku, zimeandikwa Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, na tunazishika tu mkononi? Faili ipo. Programu ya kuisoma haipo tena. Sasa hati unazozihifadhi leo, makubaliano ya shamba, cheti, wosia, ushahidi wa mpaka wa kiwanja Kisauni ambako ardhi ni kesi za vizazi, je mjukuu wako atazifungua kwa nini? Kiwango cha wazi ni Mwalimu Sikujua aliyeandikwa kitabuni akabaki, hata kampuni iliyotengeneza programu ikifa.

Basi tufanyeje

Uingereza mwaka 2014 iliamua kwa serikali yake: hati ya kusomwa tu itolewe kwa HTML au PDF, hati ya kuhaririwa pamoja ipelekwe kwa ODF. Siwaambii tuige jina la fomati. Naomba tuige swali. Waliuliza: huyu mwananchi anatakiwa asome au abadilishe? Kisha wakachagua.

Ofisi zetu za kaunti, vyuo na waajiri wangeweza kuandika mstari mmoja tu kwenye tangazo: tuma kwa PDF. Mstari mmoja ungeniokoa. Na wakati nchi inanunua mfumo mpya, wasiulize tu kama una muhuri wa kiwango. Waufungulie faili moja kwenye programu mbili tofauti, mbele yao, waone kama fomula bado zinajumlisha.

Na wewe uliye na simu tu kama mimi: CV itume kwa PDF, ile ya kuhaririwa ibaki kwako. Namba ya simu iandike kwenye mstari wa kawaida, usiifungie kwenye kisanduku. Kabla hujatuma, mtumie rafiki mwenye simu tofauti na yako aifungue, halafu mwambie akusomee namba yako. Asikwambie "imefika". Akusomee.

Ami aliponimalizia hadithi yake alinipa kazi ndogo nami nawapa. Chukua .docx yoyote, itengenezee nakala, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, uifungue. Ndani utakuta mafaili madogo ya maandishi, na ukivumilia kusoma utaliona jina lako. Nilipofanya hivyo na ile CV yangu niliiona namba yangu ya simu imekaa pale ndani, tarakimu zote kumi, haijapungua hata moja.

Muda wote ilikuwepo. Ilifika Changamwe na mimi sikufika.